Mrejesho: kamera ya pili ya harusi, Bukavu

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza: nina Canon 5D Mark III, ya pili ninunue aina gani? Nikamfuata yule aliyesema nisihame Canon, nikachukua 6D ya mkono wa pili kutoka Kinshasa. Batri ni zilezile, lenzi zilezile. Jumamosi, harusini Ibanda, ile 5D ilizima bibi harusi akiingia. 6D ikaokoa siku.

Ila ukumbini penye giza, pointi za fokasi (alama ambazo kamera hulengea ili picha iwe kali) za pembeni zilinichezea. Ya katikati tu ndiyo ilishika. Na ushauri wa kulinganisha saa za kamera zote mbili niliupuuza: 6D ilibaki na saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya Bukavu kwa saa moja, basi picha zilipopangwa kwa saa kwenye kompyuta, keki ikakatwa kabla ya pete! Nimezipanga picha upya usiku kucha.