Mawimbi ya vidole, viktori roli, mzinga wa nyuki au bobu: upi ufae kichwa kipi?

Shungi

Wadau habari zenu. Nalinganisha mitindo minne ya saluni za zamani ambayo wabunifu wa mavazi hawajaiacha hadi leo: mawimbi ya vidole ya miaka ya 1920 na 1930, viktori roli (nywele zilizoviringishwa na kubanwa juu ya kichwa) za miaka ya 1940, mzinga wa nyuki (nywele zilizotutumuliwa juu utosini) wa 1960, na bobu kali (mkato mfupi wa mstari ulionyooka) iliyofuata miaka michache baadaye. Vichwa ni vitatu. Wa kwanza ana nywele za dawa zinazofika mabegani. Wa pili ana asilia zilizojikunja sana, zikivutwa zinafika sentimita 15. Wa tatu atavaa wigi. Mtindo ukae kwa muda wa saa 6 chini ya taa kali, na msusi ni mmoja tu. Nani apewe kipi, na ni kitu gani kinaharibika kwanza?

MamaRola

Dada Shungi, kabla ya mtindo anza na maji. Unywele ukilowa, vifungo vya haidrojeni vilivyo ndani yake vinaachia. Ukikaukia kwenye rola, vinajifunga upya kufuata umbo la rola. Hiyo ndiyo seti, na mitindo yako ya zamani inabebwa nayo, isipokuwa bobu ambayo inabebwa na mkasi. Spreyi kazi yake ni kulinda kilichokwisha kushika. Kama seti haikukauka, hata ukimaliza kopo zima nywele zitashuka tu.

Mwenye nywele za dawa ndiye mwepesi kuliko wote. Dawa imeshavunja vifungo vya salfa vilivyokuwa vinazikunja, kwa hiyo hazina mkunjo wa kurudia na zinatii seti. Lakini nguvu nazo zimepungua. Mzinga wa nyuki usimpe yeye, kwa sababu kuchana kinyume, yaani kuzisukuma kwa kitana kwenda mzizini, kutamkatia nywele pale hasa ambapo nywele mpya zinakutana na zile zilizotiwa dawa.

Kwa asilia nina onyo moja: usizipige pasi halafu ukazipaka jeli ya maji. Maji yanafungua kile kile ambacho pasi imenyoosha, na upande wa kushoto utakuwa umejikunja kabla hujamaliza wa kulia. Ukitaka mawimbi juu ya nywele zilizopigwa pasi, yafanye makavu, kwa pasi ya mviringo ya mtindo wa Marcel, Mfaransa aliyeanzisha mawimbi ya chuma cha moto katika karne ya 19. Chuma kijaribie kwanza kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikigeuka rangi, nywele nazo zitaungua.

FundiMawimbi

Naongezea kwenye mawimbi ya vidole, maana wengi wanayaharibu hatua ya kwanza kabisa. Yanataka nywele fupi, sentimita 10 hadi 20. Zikizidi, ncha zinarundikana shingoni na wimbi la chini halilali. Tazameni picha za msanii Josephine Baker wa Paris ya miaka ya 1920, ambaye hata pomedi (mafuta ya kulaza nywele) iliuzwa kwa jina lake, Bakerfix: nywele ni fupi mno, zimelala kichwani kama rangi iliyopakwa. Ndiyo picha ambayo majukwaa ya mitindo yanairudia kila baada ya misimu michache.

Nywele ziwe mbichi, siyo za kuchuruzika. Paka jeli kutoka mzizi hadi ncha, pasua njia. Laza kidole cha shahada sentimita 3 chini ya njia, ingiza kitana chini ya kidole, vuta nywele kuelekea usoni kama sentimita 2. Hapo tuta linainuka. Usikitoe kitana. Kilaze bapa kichwani, shika tuta katikati ya kidole cha shahada na cha kati, ndipo uchane nywele zilizobaki chini kwenda nyuma. Tuta la pili unalivuta kuelekea kisogoni, la tatu usoni, na kuendelea.

Kosa kubwa ni kulifinya tuta kwa vidole ili liwe refu. Mzizi unapinda, na tuta hilo halikutani tena na lile la upande wa pili wa kichwa. Kuinua ni kazi ya kitana. Vidole vinashika tu.

Funga neti, weka chini ya draya ya kofia dakika 45 hadi 60. Ukitaka kujua kama zimekauka, gusa tuta kwa mgongo wa kidole baada ya kuzima draya kwa dakika chache. Likiwa baridi kuliko nywele za jirani yake, ndani bado kuna maji.

Na ule unga mweupe unaotokea baada ya saa mbili unatokana na jeli kutopatana na krimu iliyotangulia. Changanya tone la kila moja nyuma ya kiganja na usugue. Vikitokea vibonge vyeupe, usiviweke pamoja kichwani.

Kitana_Mkia

Mkuu FundiMawimbi, nakubali yote, ila kwa kichwa cha kwanza hapana. Nywele za mabegani usizifanyie mawimbi ya vidole. Afanyiwe vipete, yaani nywele inazungushwa kuwa pete bapa na kubanwa kichwani, kisha inachanwa. Mawimbi ya waigizaji wa miaka ya 1940, yale yanayoteremka upande mmoja wa uso, kwa urefu huo njia yake ni hiyo.

Gawa visanduku vya sentimita 2.5 kwa 2.5. Kwenye mstari wa nywele za paji fanya pembetatu badala ya miraba, vinginevyo zikichanwa utaona mipasuko ya ngozi. Safu ya kwanza zungusha kufuata mkono wa saa, ya pili kinyume chake, ya tatu rudia ya kwanza. Ncha ikae katikati ya pete. Ikibaki nje itatoka imevunjika kama ndoana, na hakuna kitana kitakachoisahihisha. Kibanio kipite juu ya pete bila kuikandamiza katikati, kisije kuacha alama.

Zikishakauka, usifungue. Subiri dakika 15 hadi 20 zipoe, maana nywele ya moto bado inanyumbuka. Halafu chana kwa brashi ya manyoya ya nguruwe. Hapa ndipo watu wanapopotea. Brashi ya kwanza inaleta furushi la mikunjo, ya kumi inaleta kitu kama wingu lisilo na umbo, na msusi anaogopa anaacha. Endelea kuchana. Safu zile zilizopishana zinaanza kukamatana, mabonde yanaingiana, na wimbi linatokea lenyewe. Likitokea, libane bondeni kwa vibanio visivyo na meno kwa dakika 5, nyunyizia spreyi, toa.

Shungi

Asante sana Kitana. Huyo wa asilia je? Nilikuwa namfikiria mzinga wa nyuki.

Zamaradi_Asilia

Mpe viktori roli, dada. Ni mtindo wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakati ambapo nywele kutokuwa usoni lilikuwa suala la usalama kiwandani. Mwaka 1943 mwigizaji Veronica Lake aliombwa na serikali ya Marekani aziondoe zile zilizomfunika jicho, kwa sababu wanawake waliomwiga walikuwa wanafanya kazi kwenye mashine. Kwa asilia una faida ambayo mwenye nywele laini hana: nywele zinashikana zenyewe, pini haitelezi, na huhitaji kuchana kinyume.

Hesabu ya urefu ni hii. Roli ya kipenyo cha sentimita 3 inakula zaidi kidogo ya sentimita 9 kwa mzunguko mmoja. Sentimita 15 zinakupa mzunguko mmoja na nusu, zinatosha. Usitamani roli kubwa zaidi. Ukiitaka, weka ndani kipande cha sifongo chenye rangi ya nywele.

Zinyooshe kwa mikia ya kusokota iliyolaliwa usiku mzima, au kwa draya yenye kitana, moto wa kati, bila pasi. Pasua njia, tenga sehemu kutoka njia hadi juu ya sikio. Lainisha uso wa nje kwa pomedi ya mafuta na brashi. Jeli ya maji itazirudisha. Funga ncha kwa karatasi ya rola, zungusha kuelekea njia, halafu chomoa karatasi taratibu kwa ubavuni. Pini mbili ndani ya roli, zikikatana kama msalaba, moja mbele na moja nyuma. Pini moja tu inageuka bawaba, na roli inafunguka ikizunguka juu yake.

Nyuma zikusanye chini ya neti nzito au uzisuke zilale. Hakuna atakayetazama sana huko.

MzeeWaWigi

Mwenye wigi apewe bobu. Msusi Vidal Sassoon alipomkata nywele mwigizaji Nancy Kwan mwaka 1963, jambo jipya lilikuwa kwamba nywele zikitikiswa zinarudi mahali pake bila seti. Chini ya taa kali hiyo ndiyo bima yako.

Wigi ikatwe ikiwa imepigiliwa kwenye kichwa cha turubai kwa pini za T, na acha sentimita 1 zaidi. Umaliziaji ufanyike ikiwa kichwani mwa mwanamitindo, kwa sababu mstari wa shingo wa turubai si wake. Kichwa kiwe wima. Kikielemea bega moja, upande mmoja utatoka mrefu na utaurekebisha mpaka bobu iishie masikioni. Na soma lebo: nyuzi za kawaida za plastiki zinayeyuka kwenye pasi, zile zinazostahimili joto zina kiwango chake kilichoandikwa.

MamaRola

Mzee shikamoo. Mimi ningempa wigi mzinga wa nyuki, kwa sababu kuchana kinyume kunaharibu nywele, na ni afadhali iharibike wigi kuliko kichwa cha mtu. Margaret Vinci Heldt wa Chicago aliubuni mwaka 1960 alipoombwa mtindo mpya na jarida la Modern Beauty Shop, na ulirudi tena kwa kishindo kichwani mwa mwimbaji Amy Winehouse. Shughuli yake si ngumu: vipande vya sentimita 2 kwenye utosi, kila kimoja kisukumwe kwenda mzizini mara tatu au nne kuanzia sentimita 6 kutoka kichwani, spreyi kidogo kwa kila kipande, na kipande cha mbele kabisa kisiguswe maana ndicho kifuniko.

MzeeWaWigi

Marahaba mama. Kwa picha moja ya kukaa, sawa. Kwa saa 6 za kutembea uzito wote unakaa utosini na wigi inarudi nyuma. Mstari wa paji unafunguka. Itabidi usuke nywele za ndani zilale, ushonee kitambaa cha mshiko, na bado utamkagua kila saa.

Shungi

Basi wigi ni bobu, dawa ni vipete, asilia ni viktori roli. Msusi mmoja aanze wapi?

Kitana_Mkia

Wigi ikatwe siku moja kabla, ibaki kumaliziwa tu. Siku yenyewe vipete kwanza: kuviweka ni kama saa moja, draya saa moja hadi moja na nusu kwa nywele za mabegani. Akiwa chini ya draya, fanya roli za asilia, dakika 40. Draya ikizimwa na vipete vikipoa, mvalishe mwenye wigi. Vipete vichanwe mwisho kabisa, mwanamitindo akishavaa nguo. Nguo inayovaliwa kwa juu ya kichwa inafuta bonde la wimbi mara moja, na bila maji huwezi kulirudisha.