Tinti ya dirisha yapunguza joto kweli ama ni urembo tu?

MamaRayan: Asalaam alaykum jamani. Nakaa gorofa ya zamani hapa Tudor, Mombasa, madirisha ni yale ya luva za vioo, na la sebuleni laangalia magharibi. Kuanzia saa tisa hivi jua lapiga mpaka kochi halikaliki, AC yanguruma tu chumba hakipoi na tokeni za stima zaenda kama maji. Fundi ataka kunibandikia tinti nyeusi kama ya gari. Itasaidia?

BinKizingo: Waalaykum salaam dadangu. Nyeusi usikubali. Ile inalinywa jua, kioo chenyewe kinapata moto na lile joto sehemu yake laja ndani, hata ukigusa wasikia. Tafuta ya kurudisha jua, ile inayong'ara kwa nje, ama ya seramiki japo ni ghali. Na muuzaji mwulize yazuia asilimia ngapi ya joto LOTE la jua, akikutajia asilimia 99 ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana, mwambie UV ni sehemu ndogo sana ya joto, hiyo ni ya kulinda mapazia yasipauke. Ila pazia usitoe, ile ya kung'ara usiku ukiwasha taa wa nje ndio wakuona wewe.

fundi_vioo: Luva nazo zina kazi. Kila kioo kitolewe, kioshwe na maji ya sabuni, kikwanguliwe na wembe, ile chumvi ya bahari isipotoka vizuri viputo vitajaa. Na hata ukibandika, luva hazizibi, baridi ya AC yatokea kwenye mianya na unyevu waingia, kwa hivyo tinti peke yake ni nusu ya dawa.

Swaleh_MjiWaKale: Mbona mwasahau nje? Jua likishapita kioo limeshaingia. Wazee huku walitia madirisha ya mbao yenye mbavu, jua halipiti upepo wapita. Tundika pazia la mianzi kwa nje kwanza. Kijipaa cha juu ya dirisha hakifai upande huo maana jioni jua lishashuka, laja usawa.

MamaRayan: Shukran sana. Mwenye nyumba akikubali naanza na mianzi. Na dirisha la chumbani la upande wa kusini je?

BinKizingo: Hilo usilibandike kitu, lifungue tu, kuanzia Aprili kusi ikivuma AC ya chumbani hutaihitaji.