Tupeane uzoefu: wanafunzi na akili mnemba, mnawafundishaje kuhoji majibu?

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nafundisha Historia sekondari. Simu shuleni haziruhusiwi, lakini jioni mtoto anashika simu ya mama yake, na asubuhi insha za darasa zima zinafanana. Kupiga marufuku sitaki. Nataka wajue kuyabana hayo majibu.

Nawapa maswali ya hapahapa kwetu. Juzi waliuliza mkonge ulifikaje Tanga. Mmoja akaja na jibu kwamba Waingereza waliuleta baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Nikamuuliza: Waingereza waliiteka Tanga 1916, sasa mashamba waliyoyakuta yalipandwa na nani? Kimya kidogo, kisha mikono ikaanza kunyooshwa. Tukafungua kitabu: Richard Hindorf, Mjerumani, 1893, miche kutoka Florida, iliyosalimika 62 tu. Halafu kila mmoja akaandika aya: jibu limekosea wapi, na umejuaje? Aya hiyo ndiyo naipa alama nyingi kuliko insha yenyewe.

Leteni yenu.

Mwalimu wa Hisabati, Korogwe: Anayeleta hesabu safi mno namwita ubaoni, nambadilishia namba, aeleze kila hatua. Akielewa anapita, hata kama alisaidiwa. Asipoelewa namkalisha na mwenzake. Viboko hapana.

Mzazi, Ngamiani: Binti yangu yuko kidato cha pili. Nyumbani simu haipati mpaka aandike jibu lake kwanza kwenye daftari. Akishauliza, anapigia mstari wa kalamu nyekundu pale wanapotofautiana, tunakaa kujadili. Wiki iliyopita lake ndilo lilikuwa sahihi. Alifurahi huyo!

Kidato cha sita: Shikamooni walimu. Mimi nauliza swali lilelile mara mbili kwa maneno tofauti. Majibu yakipishana, hapo natafuta kitabu.

Mwanzisha mada: Marahaba mwanangu, umefanya vizuri. Ila yakifanana pia usitulie. Mashine inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, haijui lipi la kweli, kwa hiyo inaweza kukosea mara zote mbili kwa uhakika uleule. Hata majina ya vitabu hutunga. Ikikutajia kitabu, nenda maktaba ukitafute, ufungue ukurasa wenyewe. Usipokiona, usikiandike kwenye insha yako.

Walimu wa Baiolojia na Jiografia bado sijawasikia. Nyie mnafanyaje?