Tupeane uzoefu: kimbunga kikitukuta ndani ya nyumba ya bati

Mwambao
Wakuu wa Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, tangu kimbunga Hidaya kipige Mafia tarehe 4 Mei 2024 hatuwezi tena kusema vimbunga ni vya Msumbiji. Mafundi, watu wa umeme na wa afya, wekeni hapa mambo ya kufanya tangu kinapotangazwa hadi upepo utulie. Vipimo tafadhali, "chukueni tahadhari" tumeshaisikia sana.

Fundi Kenchi
Paa halisukumwi, linanyonywa. Upepo ukipita juu ya bati unalivuta kwenda juu, na mvuto mkali zaidi uko pembeni: upenuni, kwenye kofia (kilele cha paa) na kwenye pembe nne. Kwa hiyo papi (mbao zinazopigiliwa bati) ya upenu na ya kofia zipigwe misumari kila mgongo wa bati. Za katikati unaweza kuruka mgongo mmoja mmoja. Leo hii shika ncha ya bati upenuni ulitikise. Likigongagonga papi, msumari umelegea, mara nyingi kwa sababu mbao ilipigwa ikiwa mbichi ikaja kukauka. Usiugongelee kwenye tundu lilelile, haushiki. Piga mpya pembeni yake, na tundu la zamani lizibwe lisivuje.

Kisha kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Nyumba nyingi kenchi imekaa ukutani kwa uzito wake tu, basi hata bati zikishika, paa zima huondoka pamoja. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, toboa ukuta chini ya linta, pitisha waya wa kufungia nondo uliosokotwa nyuzi nne, uzungushe kenchi na ukaze kwa koleo. Kila kenchi, pande zote mbili.

Na mawe juu ya bati, nawasihi, yashusheni. Upepo ukishika bati, jiwe ndilo linaloua jirani.

Bi Kilindoni
Je, tuache madirisha wazi upepo upite?

Fundi Kenchi
Hapana, dada yangu. Upepo ukiingia unasukuma paa kutoka ndani huku nje linanyonywa, nguvu mbili kwa pamoja. Funga yote, na mlango unaoelekea upepo uwekee gogo kwa ndani. Kaeni chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha kubwa, mbali na upande wenye mnazi.

Mvuvi wa Somanga
Upepo ukikatika ghafla msitoke. Huenda jicho la kimbunga liko juu yenu. Likipita, upepo unarudi kutoka upande wa pili, na ule mlango uliokuwa salama ndio unaopigwa. Tazameni pia mwezi: kimbunga kikiangukia maji ya bamvua, bahari hupanda zaidi. Walio bondeni au karibu na ufuko wahame mapema, mchana, kabla mvua haijaanza. Hali kadhalika wenye nyumba za udongo. Ukuta wa udongo huanza kulowa chini kwenye msingi, kisha huanguka wote kwa mara moja, hata upepo ukiwa umeshapungua.

Swichi Kuu
Zima swichi kuu kabla maji hayajaingia; ukishakanyaga maji usiiguse tena. Waya ukianguka, usiusogeze hata kwa mti, mti mbichi unapitisha umeme. Chajini simu, zimeni data. Zimamoto ni 114.

Mama Zahanati
Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku tatu au zaidi. Watu sita ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Jazeni mapema, kwani choo cha shimo kikifurika kisima hakiaminiki. Baada ya hapo maji yachemke hadi yatokote kabisa. Dawa za presha, sukari na za kufubaza VVU zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, mbebe mwilini, siyo kabatini. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa hata kidogo: hewa yake haina harufu, mtu hulala asiamke. Pikeni kabla, muhogo wa kuchemsha na chapati hukaa.

Mwambao
Wa kuezeka kwa makuti bado hawajajibiwa. Fundi, kamba ya katani au ya plastiki?

Fundi Kenchi
Ya plastiki ya uvuvi, unene wa kidole kidogo. Ipite juu ya paa ng'ambo hadi ng'ambo, ifungwe kwenye vigingi vilivyozama ardhini futi 3, vikiwa vimeinamia nje. Makuti yenyewe yataondoka. Kamba inashika fito na mapau msianze upya.