Intafesi mbili kwa pamoja, moja kubwa, au miksa ya USB? Kurekodi taarab nyumbani

MkongeSauti
Wakuu, habari za leo. Kuna kikundi cha taarab kinataka kurekodi nyimbo nne hapa kwangu, wote wapige kwa pamoja, si mmoja mmoja. Nina intafesi mbili ndogo (visanduku vya kuingiza sauti kwenye kompyuta). Je, niziunganishe kwenye kompyuta moja, ninunue moja kubwa, au nichukue miksa yenye USB? Kuna duka limeniwekea miksa hadi Ijumaa.

fundi_waya
Mkuu, umeacha yale yanayohitajika. Intafesi za aina gani? Windows au Mac? Vyombo vingapi? Na hiyo miksa ni ipi? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

ZenjiRekodi
Kama ni Mac, kazi rahisi. Fungua Audio MIDI Setup, bonyeza alama ya kujumlisha chini kushoto, chagua Create Aggregate Device, utie tiki intafesi zote mbili. Kwenye Clock Source chagua moja, kisha ile nyingine uiwekee tiki ya Drift Correction, inayozuia saa zake zisiachane. Zote ziwe 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Programu itaziona kama kifaa kimoja: chaneli 1 na 2 ni za ya kwanza, za ya pili zinafuata.

MkongeSauti
Samahani wakuu. Ni Windows. Intafesi ni Scarlett 2i2 na Behringer UMC204HD. Watakuwepo kanuni, udi, fidla mbili, kinanda, besi ya umeme, dumbak, mwimbaji mmoja na waitikiaji watatu. Miksa ni Yamaha MG10XU.

fundi_waya
Basi miksa iondoe kwenye hesabu. MG10XU inasikika vizuri, lakini USB yake inapeleka chaneli mbili tu kwenye kompyuta, yaani mchanganyiko wa stereo uliokwisha pikwa. Fidla ikiifunika kanuni imekula kwako, huwezi kuzitenganisha tena.

Kuhusu zile mbili: kwenye Windows programu nyingi za kurekodi hufungua draiva moja tu ya ASIO (kiungo cha haraka kati ya programu na intafesi) kwa wakati mmoja. ASIO4ALL itaziweka pamoja, ila tatizo lenyewe linabaki. Kila intafesi ina saa yake ya ndani inayohesabu sampuli, na hizo zako hazina mlango wa kupokea saa ya mwenzake: hakuna S/PDIF, hakuna ADAT, hakuna word clock. Moja ikihesabu 48,000 kwa sekunde, nyingine huenda inahesabu 48,001 na ushei. Tofauti ya sehemu 30 kwa milioni ni kama milisekunde 7 kwa wimbo wa dakika 4. Taarab ya dakika 12 inafika karibu 22, na hapo dumbak na besi haviendi pamoja tena.

ZenjiRekodi
Achana na intafesi, chukua Behringer XR18, miksa ya kidijitali. Priampu (vikuza sauti vya maiki) 16, chaneli zote 18 zinaingia kwenye kompyuta kwa USB moja, na siku kikundi kikienda harusini unabeba hiyo hiyo.

dada_miksi
Kabla hujashawishika kuziunganisha hizo mbili, soma hili. Kuna kazi ililetwa kwangu nichanganye, imerekodiwa kwa intafesi mbili zisizo na saa moja. Dumbak na besi zilikuwa kwenye moja, fidla na sauti kwenye nyingine. Wimbo wa dakika 14. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi kabisa. Kufika katikati, dumbak ikaanza kusikika kama inapigwa ndani ya mtungi, kwa sababu mlio wake ulikuwa umeingia pia kwenye maiki ya mwimbaji na nakala mbili zilikuwa zinaachana kidogo kidogo. Mwisho wa wimbo kila pigo lilikuwa mawili.

Dawa yake inajulikana: tafuta pigo moja la mwanzo linaloonekana kwenye faili zote mbili, na moja la mwisho, pima tofauti, kisha nyoosha faili moja ilingane na nyingine. Kwenye programu ya Reaper unashika Alt na kuvuta ukingo wa kipande. Ile sehemu ya kuhifadhi kimo cha sauti uizime, maana saa ikipotoka kimo nacho hupotoka, na vyote virekebishwe pamoja. Lakini hiyo kazi ilikataa kunyooka. Kompyuta ilizidiwa mara kadhaa wakati wa kurekodi, bafa (akiba ya muda ya sauti) zikaruka, na kila palipokatika sauti yote iliyofuata ilisogea ghafla. Mteremko ukawa na ngazi ndani yake. Ilibidi kukata kati ya sentensi za muziki na kupanga kipande kwa kipande, na mikato mingine kwenye fidla bado inasikika, kwa kuwa fidla haina pumziko.

Ubaya wake ni kwamba wakati wa kurekodi hutaisikia kasoro hiyo. Kama huna njia nyingine, pigeni kofi moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni, na vyombo vinavyosikilizana sana viingie intafesi moja.

mzee_wa_kanuni
Vijana, hesabuni kwanza. Kanuni 1, udi 1, fidla mbili wakae bega kwa bega maiki 1, kinanda 1, besi 1, dumbak 1, mwimbaji 1, waitikiaji wazunguke maiki 1. Ni nane. Intafesi yenye priampu nane inatosha, kwa mfano UMC1820 au Scarlett 18i20. Usidanganywe na jina: kwenye UMC1820 ile 18 ina analogi 8 tu, nyingine 8 ni za ADAT na 2 ni za S/PDIF, yaani milango ya kidijitali ya kupokea sauti kutoka kifaa kingine.

fundi_waya
Sahihi mzee wangu. Na ADAT ndiyo njia halali ya kuunganisha vifaa viwili. Ukihitaji nane zaidi baadaye, weka ADA8200, kisanduku cha priampu nane zinazotoka kwa ADAT. Waya mmoja wa mwanga wa TOSLINK utoke ADAT Out ya ADA8200 uingie ADAT In ya UMC1820. Nyuma ya ADA8200 chagua 48 kHz, yenyewe iwe kiongozi, halafu kwenye paneli ya draiva badili chanzo cha saa kutoka Internal kwenda ADAT. Ukisahau hatua hiyo, sauti inapita lakini inatoa vidonoo, tik, tik, kila baada ya muda. Waya usizidi mita 5.

ZenjiRekodi
Kinanda kirekodi kwa MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe), utaokoa chaneli.

mzee_wa_kanuni
Hapana mwanangu. Mpigaji akitumia robo toni kwa vitufe vya kupanga skeli kwenye kinanda, noti za MIDI peke yake hazibebi mpangilio ule. Utakuja kuicheza kwa sauti nyingine, yote itoke kizungu na kugombana na udi. Rekodi sauti yenyewe, MIDI iwe akiba.

kipaza_254
Kwa nini 48? Pigeni 96, kompyuta za siku hizi zinaweza.

fundi_waya
ADA8200 haifiki 96, na ADAT kwa 96 inabeba chaneli 4 badala ya 8. Chaneli nane za biti 24 kwa 48 kHz zinakula kama MB 69 kwa dakika. 96 ni mara mbili.

kipaza_254
Udi na kanuni zina milio ya juu sana, inafaa kuhifadhiwa.

dada_miksi
48 kHz inafika karibu 24 kHz, juu ya masikio ya binadamu. Fedha yako weka kwenye maiki na chumba. Feni ya dari ikizunguka juu ya kanuni, hakuna sampuli itakayokuokoa.

MkongeSauti
Asanteni sana. Jambo jingine: nikichomeka besi na chaja ya laptopu ikiwa kwenye umeme, kuna mvumo. Nikitoa chaja unaisha. Jirani kanishauri nikate pini ya erthi.

fundi_waya
USIKATE. Mpiga besi ameshika nyuzi, kinywa chake kiko kwenye maiki ya chuma, erthi haipo. Hitilafu ikitokea umeme utapitia mwilini mwake. Kila kitu kiingie ekstensheni moja yenye erthi, na besi ipite kwenye DI (kisanduku cha kuunganisha chombo na intafesi) yenye transfoma na swichi ya kukata graundi. Inayokatwa pale ni graundi ya waya wa sauti tu.

mzee_wa_kanuni
Na wakati wa kurekodi laptopu itumie betri, intafesi iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika dakika ya kumi, wazee hawarudii kwa moyo ule ule.

MkongeSauti
Nimepata UMC1820 iliyotumika. Nikague nini?

fundi_waya
Nenda na maiki moja ya kondensa na laptopu yako. Ipitishe kwenye milango yote minane, 48V (umeme wa kuendesha maiki ya kondensa) ikiwa imewashwa, zungusha kila kitufe cha geini usikilize mikwaruzo. Tikisa plagi ya USB nyuma taratibu. Ikikatika hapo, iache. Je, wana adapta yake halisi?

ZenjiRekodi
XR18 haina adapta ya nje, waya wa umeme unaingia moja kwa moja.

mzee_wa_kanuni
Mkonge, kwa dumbak mna maiki gani? Kondensa karibu na ngozi inaweza kujaa na kupasua sauti hata geini ikiwa chini kabisa.