Mwanangu wa miaka 9 amebadilika, tumbo kila asubuhi ya shule. Anadeka au kuna jambo?

Mama_Wawili:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na mnivumilie kama nitarefusha.

Kijana wangu ana miaka 9. Huu ni mwezi wa pili sasa, kila siku ya shule akiamka tu tumbo linamuuma. Wikiendi haliumi. Tumepima damu, mkojo na choo, majibu safi. Kukojoa kitandani aliacha akiwa na miaka 4, sasa karudia mara tatu. Mpira aliokuwa analala nao uko uvunguni, hata hauulizii. Na hasira! Mdogo wake akigusa kalamu yake anarusha vitu.

Juzi kaniambia, "Bora nisingekuwepo." Baba yake anasema anadeka. Mimi roho inakataa.

Jiwe_la_Kale:
Anadeka huyo. Sisi tulikua bila mambo ya saikolojia na tuko wazima. Fimbo mbili tu, tumbo litapona.

Nesi_Mstaafu:
Jiwe, wangapi tulikua nao hawakuwa wazima, tukawaita watukutu?

Dada, pole. Watu husubiri kuona mtoto analia ndipo waseme ana huzuni. Kwa watoto sonona mara nyingi huja kama hasira, au kama tumbo na kichwa. Na maumivu hayo si ya uongo, anayasikia kweli. Siku moja mbaya si kitu, kila mtoto anayo. Ninachoangalia mimi ni mtoto kubadilika akawa siye yule uliyemzoea, hali ikapita wiki mbili, na ikagusa usingizi, masomo na michezo. Wako vyote anavyo.

Hilo neno "bora nisingekuwepo" usilipite. Muulize waziwazi, kwa utulivu, kama huwa anafikiria kufa au kujiumiza. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Dawa zote za nyumbani zifungie. Akikujibu ndiyo, hospitali siku hiyohiyo.

Swali moja: shuleni chooni anakwenda?

Ticha_wa_Tatu:
Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Msumbufu tunamwona wote, aliyenyamaza ndiye anatuponyoka. Muulize mwalimu wake anakaa na nani na mapumziko anakuwa wapi, maana ukiuliza "anaendeleaje" utajibiwa "vizuri tu". Macho na masikio yapimwe pia. Nilishawahi kumwita mtoto mvivu kumbe ubao hauoni, bado naona aibu.

Baba_Mapacha:
Usimkalishe kama polisi. Wangu alifunguka tukiwa tunaosha vyombo, kila mtu anatazama sufuria yake. Nilimuuliza kitu kimoja, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda!

Mama_Wawili:
Nimerudi, wiki imepita. Nesi, Mungu akubariki kwa lile swali la choo.

Haendi. Kutwa nzima. Kuna wakubwa wawili walimfungia humo wakazima taa, tangu hapo anabana mpaka afike nyumbani. Daktari kamkagua tena, kakuta choo kimeganda tumboni. Anasema kikijaa hivyo hukandamiza kibofu, ndiyo maana usiku anajikojolea. Kapewa dawa ya kulainisha.

Lile swali gumu nilimuuliza tukiwa tunakunja nguo. Kasema hataki kufa, anataka tu shule isiwepo. Nilikwenda bafuni nikalia, nikarudi tukaendelea kukunja.

Mwalimu mkuu ameshaitisha wazazi wa wale wawili.

Nesi_Mstaafu:
Afadhali. Lakini usifunge faili hapo. Tumbo litatulia kabla ya woga, na kijana bado anahitaji mwanasaikolojia wa watoto.

Jiwe_la_Kale:
Fimbo nimeifuta, mama. Mpe pole kijana.

Mama_Wawili:
Miadi ni Alhamisi. Baba yake kaomba ruhusa kazini, anakuja naye.