Mabepari wa Venisi darasani: ubaguzi ni wa wahusika au wa mwandishi?

Mwl_Isevya (Tabora)
Habari wakuu. Kidato cha tano tunasoma Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Darasa lina Waislamu na Wakristo, na mjadala umekwama. Wengine wanasema Shakespeare alikuwa mbaguzi, kitabu kiwekwe kando. Wengine wanasema alionyesha tu jamii ilivyokuwa. Niwapitishe vipi wajibu kwa ushahidi?

Cheyo_B
Mwalimu, wapangie daftari safu tatu: nani anasema, nani anampinga papo hapo, na mwisho wa mchezo unamlipa nini anayesemwa. Safu ya tatu ndiyo wanafunzi huiruka, na hapo ndipo uhakiki huharibika.

Chukua tendo la tatu, onyesho la kwanza. Shylock, Myahudi mkopesha fedha, anauliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba mwandishi anamtetea. Wasome hadi mwisho wa maneno yale: hoja yote inaishia kwenye kudai kisasi. Kisha waende mahakamani, tendo la nne, Shylock anapodai kukata ratili ya nyama ya Antonio, mfanyabiashara Mkristo aliyeshindwa kulipa deni. Shylock akishashindwa kesi, Portia, binti tajiri aliyejifanya mwanasheria, anamuuliza Antonio atamfanyia rehema gani Shylock, na Antonio anataka Shylock awe Mkristo. Ndani ya mchezo kumlazimisha mtu aache dini yake kunaitwa rehema, na hakuna mhusika anayenyanyua mdomo kupinga. Tendo la tano ni mbalamwezi, muziki na utani wa wapenzi. Mpangilio huo wa matukio ndio ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote.

Usiache rangi. Wanaomposa Portia hutakiwa kuchagua kasha moja kati ya matatu, na anayepatia ndiye anayemuoa. Mwana mfalme wa Moroko anaingia akiomba asichukiwe kwa weusi wake. Akishachagua kasha la dhahabu na kukosa, Portia anaomba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Na huyo Portia ndiye tunayetakiwa kumpenda! Waulize wanafunzi: nani anamjibu?

Kasha_la_Risasi
Naongeza muktadha. Wayahudi walifukuzwa Uingereza 1290 na hawakuruhusiwa kurudi waziwazi hadi 1656. Tamthiliya ilichapwa 1600, kwa hiyo watazamaji wengi walimjua Myahudi kwa masimulizi. Miaka michache nyuma, 1594, Roderigo Lopez, daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa akituhumiwa kutaka kumpa sumu. Halafu riba: Kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa faida, na Wayahudi walifungiwa kazi nyingi. Wakasukumwa kwenye ukopeshaji, kisha wakachukiwa kwa huo huo ukopeshaji.

Ila wasiandike "zama zilikuwa hivyo" wakadhani wamemaliza. Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, aliandika riwaya ya Oliver Twist akimwita Fagin, mkuu wa genge la watoto wezi, "Myahudi" karibu kila ukurasa. Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi, alimwandikia kulalamika. Dickens alijitetea kwanza, lakini baadaye akamuumba Riah, Myahudi mwema, katika riwaya nyingine, na katika toleo la 1867 akafuta neno hilo sehemu nyingi. Kumbe hata zama hizo za Dickens zilikuwa na watu waliolalamika, na mwandishi aliyesikia.

Mwanga_Ujiji (Kigoma)
Wape pia maandishi yanayotuhusu. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, katika kitabu chake cha 1872, anapita Unyanyembe (eneo la Tabora) hadi Ujiji, na anaandika mwenyewe jinsi alivyowachapa wapagazi. Hapo msimulizi na mwandishi ni mtu mmoja, hakuna mhusika wa kusingizia. Zoezi: upande mmoja waandike anavyowaita wapagazi, upande wa pili kazi anayoonyesha wakiifanya, kubeba nguo, shanga na nyaya ambazo bila hizo msafara usingenunua chakula. Pande hizo mbili zinapingana.

Na tusijitoe. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 unamuusia binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tukimhoji Shakespeare na kuuacha huo, wanafunzi watajifunza kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa Wazungu peke yao.

Mwl_Isevya (Tabora)
Asanteni sana. Kwenye insha ya mtihani msimamo waseme wapi?

Cheyo_B
Aya ya kwanza kabisa, mwalimu, kwa sentensi moja. Kisha kila hoja itaje tendo, onyesho na msemaji. Akiandika "Shakespeare anasema" mahali ambapo ni Gratiano, mhusika anayemdhihaki Shylock mahakamani, anayesema, mkatie alama hata kama hoja ni nzuri.